Utepe na Mkono wa Fundi

Katika mji mdogo wa Traverse City, jimbo la Michigan nchini Marekani, palikuwa na karakana ambamo, miaka ya 1940, watu watatu walikata chuma kwa kusomeana namba. Mmoja alisimama na karatasi ndefu iliyojaa tarakimu. Wa pili alishika gurudumu la kusogeza meza ya mashine kushoto na kulia, na wa tatu alishika gurudumu la kuisogeza mbele na nyuma. Msomaji akitamka jozi ya namba, wenzake wanazungusha magurudumu hadi alama zilingane, kikatio kinagusa chuma, kisha inatamkwa jozi nyingine. Umbo moja lilitaka nukta zipatazo 200. Zikiisha, ukingo wa chuma ulikuwa umebaki na vinundu vidogo vidogo, na hapo fundi alichukua tupa akavisugua taratibu mpaka tao likawa laini chini ya kidole gumba.

Walichokuwa wakikata ni violezo vya kupimia mapangaboi ya helikopta. Mwenye kazi alikuwa John T. Parsons, aliyeshika usukani wa kiwanda cha baba yake bila kuwa na shahada ya chuo. Tangu vita kuu ya pili alikuwa akiitengenezea kampuni ya Sikorsky mapangaboi hayo, na Sikorsky walimletea mchoro wenye nukta 17 tu. Ilikuwa juu ya mafundi wake kuziunganisha kwa mkono, kwa jicho na kwa uzoefu, hadi nukta hizo 17 ziwe tao moja lisilo na kasoro. Pangaboi la helikopta halisamehe. Likipinda kinyume cha hesabu, chombo kizima kinatetemeka angani.

Parsons alimwajiri mhandisi aitwaye Frank Stulen, ambaye ndugu yake alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mapangaboi ya ndege na alikuwa ameona mashine za kadi za IBM, zile za kutunzia mahesabu ya fedha na mishahara, zikitumika kukokotoa hesabu za kihandisi. Stulen alijaribu jambo hilo Traverse City. Nukta 17 zikawa 200, na kila moja hesabu yake sahihi. Ndipo wale watu watatu wakaanza kusomeana namba. Na ndipo Parsons, akiwatazama, alipowaza jambo ambalo leo linaonekana rahisi: ikiwa namba zimetoka kwenye mashine ya kadi na zinaishia kwenye magurudumu mawili, kwa nini kadi zenyewe zisizungushe magurudumu?

Nimeanza na karakana hii kwa sababu habari ya kompyuta viwandani husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza juzi, na kana kwamba ilikuja na agizo lake kuhusu nani awe na ujuzi na nani aachwe. Haikuwa hivyo. Mashine ya kwanza kuendeshwa kwa namba ilizaliwa mikononi mwa watu waliokuwa na tupa mezani. Mgawanyo wa ujuzi ulikuja baadaye, nao ulikatwa na watu waliokaa vikao.

Mwezi Juni 1949 Jeshi la Anga la Marekani lilimpa Parsons mkataba wa dola 200,000 atengeneze mashine hiyo. Jeshi lilikuwa na haraka yake. Ndege za jeti zilikuwa zinakuja, na mabawa yake yangechongwa kutoka bamba moja zito la alumini badala ya kuungwa kwa misumari ya ribiti vipande kwa vipande. Hakuna idadi ya mafundi iliyotosha kuchonga maumbo hayo kwa mkono kwa kasi iliyotakiwa. Parsons, kwa kuwa hakuwa na wataalamu wa mitambo ya kujiongoza, aliwapa sehemu ya kazi watu wa maabara moja ya Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, yaani MIT. Alitaka mashine nyepesi isiyo na makuu: ipokee kadi, iende kwenye nukta, ikate, iende nyingine. Wao wakaona mbali zaidi. Walitaka mashine itakayofuata tao lolote bila kusimama, katika mihimili mitatu kwa mpigo, kwa amri kutoka utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Fedha ziliisha, ikawa MIT imeingia mkataba wake moja kwa moja na jeshi, na Parsons akajikuta nje ya kazi aliyoiasisi mwenyewe. Alibaki na hakimiliki ya uvumbuzi, iliyotolewa mwaka 1958, na mwaka 1985 yeye na Stulen walitunukiwa nishani ya taifa ya teknolojia.

Mashine ya MIT ilioneshwa hadharani Septemba 1952. Ilikuwa mashine kubwa ya kuchonga iliyotengenezwa Cincinnati, na kando yake makabati ya umeme yaliyosheheni vali za kioo 292. Makabati hayo yalichukua nafasi kubwa kuliko mashine yenyewe. Lakini mashine ilikata. Meza ilijisogeza, kikatio kikapanda na kushuka, na hapakuwa na mkono kwenye gurudumu.

Sasa tuutazame huo utepe, maana fumbo lote limo humo. Kila tundu ni amri: sogea kiasi hiki, upande huu, kwa mwendo huu. Mtu anayetoboa utepe lazima ajue mapema kila kitakachotokea kwenye chuma. Alikaa ofisini, mara nyingi amesoma hisabati, na mara nyingi hajawahi kunusa mafuta ya kupozea chuma yakianza kuungua. Kwa maumbo magumu, kuandaa utepe kulichukua muda mrefu kiasi kwamba MIT ilibidi itumie kompyuta yake kubwa ya Whirlwind kusaidia. Hapo ndipo Douglas Ross na wenzake walipobuni lugha ya kuiandikia mashine, iliyoitwa APT. Februari 1959 waliwaita waandishi wa habari kuionesha, na kila aliyefika aliondoka na kisahani cha majivu ya sigara kilichochongwa kwa alumini na mashine iliyofuata lugha hiyo. Viwanda vyenyewe havikuwa na haraka ya kununua mashine hizo kwa bei ile. Ilibidi Jeshi la Anga linunue lenyewe zaidi ya 100 na kuziweka kwenye viwanda vya ndege.

Palikuwa na njia nyingine, na hii sipendi iachwe kando. Wakati Parsons anasumbuka na kadi zake, kampuni ya General Electric kule Schenectady, New York, ilikuwa tayari imejaribu mashine ya kurekodi, mwaka 1946 na 1947. Fundi hodari alichonga kipande cha kwanza kama alivyozoea. Wakati anachonga, kila mwendo wa meza na kikatio ulinaswa kwenye utepe wa sumaku. Baada ya hapo utepe ulirudishwa mwanzo, na mashine ikachonga kipande cha pili, cha tatu na cha mia kwa kufuata mkono ule ule. Aliyetunga programu ni fundi mwenyewe. Hakuhitaji hesabu za ofisini wala lugha mpya. Alihitaji kile alichokuwa nacho tayari.

Wakati huo kijana mmoja aliyeitwa Kurt Vonnegut aliajiriwa na kampuni hiyo kuandika habari za kuitangaza. Aliiona mashine ikikata chuma bila mkono wa mtu, akaondoka na wazo la riwaya yake ya kwanza, *Player Piano*, iliyotoka mwaka 1952, mwaka ule ule wa maonesho ya MIT. Humo yumo fundi mzee aitwaye Rudy Hertz, ambaye mwendo wa mikono yake ulirekodiwa ujanani na tangu hapo hahitajiki tena. Vonnegut aliona hatari ambayo wapenzi wa mashine ya kurekodi wasingependa kuisikia: hata utepe uliotoka mkononi mwa fundi unaweza kugeuzwa kuwa barua ya kumfukuzia. Ndiyo maana siwezi kusema kwamba njia moja ilikuwa ya haki na nyingine ya dhuluma. Ninachosema ni kwamba zilikuwa mbili, na moja iliwekwa kabatini.

Kwa nini? Sababu moja ni ya kweli na ya kiufundi. Bawa la ndege ya jeti lina maumbo ambayo hakuna mkono uwezao kuyachonga mara ya kwanza ili yarekodiwe. Lazima yatoke kwenye hesabu. Kwa kazi hizo utepe wa namba haukuwa na mpinzani. Lakini kazi nyingi za viwandani hazikuwa mabawa ya jeti. Zilikuwa vyuma vya kawaida, mhimili huu na kifuniko kile, na kwa hizo mashine ya kurekodi ingefaa kwa gharama ndogo. Mwanahistoria David Noble, ambaye kitabu chake cha mwaka 1984 kinabaki kuwa simulizi pana zaidi la mashine hizi, alipekua nyaraka na kuhoji waliohusika, akakuta sababu ya pili. Wenye viwanda walikuwa wametoka kwenye migomo mikubwa ya 1946. Mashine ambayo programu yake ilitoka ofisini iliwaahidi kitu walichokitaka sana, yaani kasi ya kazi iamuliwe mbali na sakafu ya kiwanda. Mashine ya kurekodi ingeiacha kasi hiyo mikononi mwa yule yule aliyegoma. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba Noble aliipa sababu hii uzito mno. Mimi naona ushahidi wake ni mzito kuliko hoja zao, hasa kwa sababu ya yaliyofuata.

Yaliyofuata ni kwamba utepe ulikosea. Msomaji aliyewahi kusimama kwenye karakana ya kerezo, tuseme mtaa wa Gerezani pale Dar es Salaam, anajua kwamba fundi hakati chuma kwa macho peke yake. Anasikiliza. Kikatio kikiwa kikali, chuma hulia mlio mmoja ulionyooka na maranda yake hutoka yamejisokota kama nywele. Kikianza kuisha, mlio huvunjika, ukawa kama wa mtu anayetetemeka kwa baridi, na fundi hupunguza mwendo kabla hajajua kwa nini amepunguza. Chuma cha kusubu huwa na mahali pagumu pasipoonekana. Bamba lililobanwa vibaya hupanda kwa unene wa unywele. Hayo yote hayakuwamo kwenye utepe, kwa sababu aliyeutoboa hakuyaona. Mashine ingesogea kama ilivyoamriwa, ikavunja kikatio, au ikaharibu kipande kilichokwisha kugharimu siku kadhaa za kazi. Fundi aliyeambiwa kwamba kazi yake sasa ni kubonyeza kitufe alikuwa na mawili: aingilie kati kwa siri, au akunje mikono na kutazama chuma kikigeuka chakavu. Noble alikuta wengi waliofanya la kwanza, na wengine, wakiwa na uchungu, walifanya la pili.

Mashine nyingi zilikuwa na kitasa cha kupunguza au kuongeza mwendo, kilichoachwa hapo na wahandisi kwa dharura. Kitasa hicho kidogo kikawa uwanja wa mvutano. Fundi alikizungusha kuokoa kikatio. Mnyapara alimshuku kwamba anajipumzisha. Viko viwanda vilivyokifungia kwa kufuli. Na juu ya hayo kulikuwa na ubishi wa mshahara: je, anayesimamia mashine ya utepe ni fundi kamili, au ni mlinzi wa kitufe anayestahili kulipwa chini? Ubishi huo ulipamba moto katika kiwanda cha injini za ndege cha General Electric mjini Lynn, Massachusetts. Wafanyakazi walisema, wala hawakukosea, kwamba mashine ile ghali ikiharibika au ikiharibu, jicho linalozuia hasara ni lao.

Mwaka 1968 kampuni na chama cha wafanyakazi pale Lynn walikubaliana wajaribu jambo. Katika sehemu moja ya karakana, yenye mashine za utepe, mnyapara aliondolewa. Wafanyakazi wa hapo walipewa wajipangie kazi wao wenyewe: nani aanze na kipi, nani ashughulikie programu iliyokosea, nani akague, nani amfundishe mwenzake. Ujuzi ambao ofisi iliuchukua ukaanza kurudi, mtu mmoja mmoja. Wapo waliojifunza kuhariri programu, wapo waliojifunza kupanga vifaa, na watu waliokuwa hawasemezani na ofisi ya mipango wakawa wanaipigia simu. Mwaka 1975 uongozi uliufunga mradi huo. Kwa maelezo ya Noble, haukufungwa kwa sababu kazi ilikuwa mbaya. Uongozi uliona unakoelekea: ikiwa sehemu moja inaweza kujiendesha bila mnyapara, sehemu ya pili itauliza kwa nini isiweze.

Ningekuwa mtu wa kukata tamaa ningeishia Lynn. Lakini miaka ile ile, ng'ambo ya bahari, jambo hilo hilo lilikuwa likiendeshwa kwa namna nyingine kabisa, na aliyekuwa katikati yake ni mtu ambaye karibu kila anayeandika programu za kompyuta leo, awe Nairobi au Mumbai, anatumia mawazo yake bila kujua.

Kristen Nygaard alizaliwa Oslo mwaka 1926. Alikuwa mwanahisabati, akafanya kazi kwenye utafiti wa jeshi la Norwei, na mwaka 1960 akahamia Kituo cha Kompyuta cha Norwei. Hapo, yeye na Ole-Johan Dahl walibuni lugha ya kompyuta iitwayo Simula, na toleo lake la 1967 ndilo lililoleta namna ya kupanga programu kwa vitu na matabaka yake ambayo lugha nyingi za leo zimeirithi. Nygaard aliipenda Simula kwa sababu iliweza kuiga shughuli nzima ya kiwanda ndani ya kompyuta: foleni ya vipande, mashine zilizosimama, watu wanaosubiri. Kisha akaona nani anaitumia. Waliokuja kuiomba walikuwa mameneja, na walichotaka kukijua ni jinsi ya kupanga upya kazi za watu ambao hawakuwepo kwenye chumba hicho.

Angeweza kunyamaza. Wataalamu wengi hunyamaza, na si kwa ubaya, ni kwamba kazi inavutia na mshahara unaingia. Yeye alikwenda kwenye chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norwei, na mwaka 1971 wakaanza mradi wa pamoja, kwa fedha za baraza la utafiti la nchi hiyo. Lengo lilikuwa wafanyakazi wa viwandani waelewe mifumo ya kompyuta inayoletwa kwao vya kutosha kuweza kuibishia, kuibadili, au kuikubali wakijua wanachokikubali.

Mwanzo mradi ulikwenda kama miradi yote. Watafiti walipanga kuchunguza viwanda, kuandika ripoti, kisha kuukabidhi uongozi wa chama. Baada ya muda Nygaard aliona kwamba ripoti hizo zingekuwa nzuri, zingesomwa na wachache, na zisingemsaidia mtu yeyote aliyesimama mbele ya mashine. Basi walifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililo kubwa kuliko yote katika habari hii. Walibadilisha maana ya neno "matokeo." Tangu hapo, tokeo la mradi lilihesabiwa kuwa ni kitendo kilichofanywa na chama chenyewe, makao makuu au tawini, kwa msukumo wa mradi. Ripoti isiyozaa kitendo haikuhesabiwa.

Kazi ikahamia matawini. Katika viwanda vichache vilivyochaguliwa, kimojawapo kikiwa kiwanda cha silaha cha Kongsberg, vikundi vya wafanyakazi vilikutana kuchambua mfumo wa kupanga uzalishaji uliokuwa unaletwa kwao. Walianza na maswali ya kawaida kabisa. Hii fomu mpya ninayoijaza kila nikimaliza kipande, inakwenda kwa nani? Muda wangu unaopimwa humu, utatumika kwenye mazungumzo ya mishahara? Nikisema mashine imesimama kwa sababu chuma kilikuwa kibovu, kompyuta ina mahali pa kuandika hilo, au itaandika tu kwamba mimi nilisimama? Nygaard na mwenzake Olav Terje Bergo waliwaandikia kitabu cha kiada kuhusu mipango, usimamizi na kompyuta, kwa ajili ya kozi za chama. Mfua chuma mwenye miaka 50 akakaa darasani jioni kujifunza faili ni nini.

Hatimaye, mwaka 1975, shirikisho la vyama vya wafanyakazi na shirikisho la waajiri la Norwei walitia saini makubaliano ya taifa zima kuhusu mifumo ya kompyuta kazini. Wafanyakazi walipewa haki ya kuarifiwa mapema, kabla uamuzi haujafanywa. Walipewa haki ya kumchagua mwakilishi wao maalumu wa mambo ya kompyuta. Na kimo humo kifungu ambacho mimi, kama mtu anayeishi kwa kuandika Kiswahili, sikipiti bila kusimama: kwamba habari hizo zitolewe kwa lugha inayoeleweka na mtu asiye mtaalamu wa fani hiyo. Waajiri na wafanyakazi wa nchi nzima walikubaliana kwa maandishi kwamba lugha ngumu ni njia ya kumnyima mtu haki. Ni viwanda vingapi vyetu ambavyo mwongozo wa mashine uko kwa Kiingereza au Kichina, na mwendeshaji anajifunza kwa kuchungulia bega la mwenzake? Anajifunza, kwa kweli, na mara nyingi anajifunza vizuri. Lakini hawezi kuubishia mfumo ambao maneno yake hakupewa.

Mwaka 1977 Sheria ya Mazingira ya Kazi ya Norwei ilikwenda hatua zaidi. Ilisema wafanyakazi waelezwe mifumo inayotumika kupanga na kuendesha kazi yao, wapewe mafunzo ya kutosha kuielewa, na washiriki katika kuibuni. Tazama mpangilio wake. Mahali pengi mafunzo huja mwishoni, mashine ikiwa imekwisha kufungwa na wiki moja imebaki kabla haijawashwa. Hapa mafunzo yaliwekwa kabla ya ubunifu, kwa sababu asiyefahamu hawezi kushiriki kubuni, na kushiriki bila kufahamu ni kuhudhuria kikao tu.

Mbegu hiyo ilisambaa. Sweden walikuwa na miradi yao, na kati ya 1981 na 1985 wapiga chapa wa magazeti walikaa na watafiti kubuni vifaa vipya vya kupanga kurasa. Kompyuta zenyewe hazikuwepo bado, basi walitengeneza za maboksi: boksi hili ndilo skrini, lile ndilo mashine ya kuchapia, haya kaa hapa ufanye kazi yako utuambie panapokukwaza. Na mbegu nyingine ilifika kwetu. Nygaard alifundisha Chuo Kikuu cha Oslo, na mawazo yake ndiyo waliyoyabeba watafiti wa chuo hicho, Jørn Braa akiwa miongoni mwao, walipoanza kazi Cape Town mwaka 1994 kwenye mifumo ya taarifa za afya ya Afrika Kusini mpya. Programu iliyozaliwa huko, DHIS, ilitapakaa katika nchi nyingi za Afrika. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, na nchini Tanzania ndiyo inayopokea takwimu za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za afya, kutoka wilayani, kwa ushirikiano wa siku nyingi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Muuguzi anayejumlisha daftari la kliniki ya wajawazito mwisho wa mwezi ana undugu wa mbali na wafua chuma waliouliza fomu yao inakwenda kwa nani.

Turudi kiwandani. Katika miaka ya 1970 chipu ilibadilisha mashine yenyewe. Makabati ya vali yakawa kisanduku kimoja chenye skrini na vitufe, kilichofungwa ubavuni mwa mashine. Sasa programu ingeweza kuandikwa au kusahihishwa papo hapo, na sababu ya kiufundi ya kuiweka ofisini ikapungua nguvu. Wajapani waliuza mashine kama hizo kwa wingi, hata kwa karakana ndogo ambazo hazikuwa na ofisi ya programu kabisa. Wajerumani, wenye mafundi waliopitia uanagenzi wa miaka kadhaa, walitengeneza programu za kuandikiwa sakafuni, zenye picha na maneno ya karakana. Penginepo kisanduku kile kile kilifungwa kwa ufunguo, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa mtu wa ofisi. Chipu haikuwa na maoni.

Kule Norwei, Kongsberg ni mji ulioanzishwa karne ya 17 kwa ajili ya machimbo ya fedha, na kiwanda chake cha silaha kilifunguliwa mwaka 1814. Noble alipochunguza mashine zake za kompyuta, alikuta jambo ambalo huko Marekani lingehesabiwa utovu wa nidhamu. Programu zilikuja kutoka ofisini, naam. Lakini aliyezihariri, kila siku, bila kuomba ruhusa, ni mwendeshaji. Alizibadili kwa vigezo vyake: usalama wake, ubora wa kipande, wepesi wa kazi, maisha ya kikatio. Ofisi haikuona ajabu. Mwakilishi wa kompyuta wa tawi alikuwepo, makubaliano yalikuwepo, na watu walikuwa wamekaa darasani.

Fundi anabana chuma mezani, anagonga kwa nyundo ya plastiki kuhakikisha kimekaa, anaanzisha programu. Anasimama karibu, kichwa kimeinama kidogo upande wa kikatio. Mlio unavunjika. Anasimamisha mashine, anairudisha nyuma kidogo, anatafuta mstari kwenye skrini, anafuta namba moja na kuandika nyingine. Anabonyeza tena, na anasikiliza.